Kitoto cha sungura kimejikunja tangu mchana, nahisi tunakiua kwa mapenzi. Naombeni msaada (Tanga mjini)

BintiMakorora (mleta uzi)
Ijumaa, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Niko Tanga mjini, Makorora. Juzi Jumatano mume wangu akitoka Kange alikutana na kijana ana boksi la vitoto vya sungura. Akanunua kimoja elfu kumi na mbili, akamletea binti yetu wa miaka saba. Muuzaji kasema kina miezi miwili. Mimi sijawahi kufuga hata kuku.

Ni mweupe ana madoa ya kahawia, binti kamwita Kashata. Anaenea kiganjani, miguu ya nyuma tu ndiyo inaning'inia. Jana nilimpeleka dukani kwa mangi tukampima kwenye mizani ya sukari, gramu 430. Mangi kaifuta mizani mara mbili huku ananitazama.

Tumemweka kwenye boksi la sabuni jikoni, tumemtandikia fulana. Chakula tunampa kabichi, karoti ya kukwangua, mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya ng'ombe, na maziwa yenyewe kwa kijiko. Maji hatumpi, mama mkwe anasema sungura hanywi maji, akinywa anakufa. Jana usiku alikuwa anaruka vizuri tu. Leo tangu mchana amejikunja pembeni, hali kitu, na fulana imelowa uharo. Halafu, mnisamehe, asubuhi nilimkuta anakula kinyesi chake. Ni njaa? Binti kalala analia. Nifanye nini usiku huu?

KijiweChaKahawa
Ijumaa, saa 3:20 usiku

Pole mama. Ila gramu 430 hata mchuzi haukolei. Mngemwacha akue kwanza.

MtotoWaSahare
Ijumaa, saa 3:26 usiku

Kijiwe acha utani, mwenzio ana mgonjwa. Dada, una amoksilini ya watoto, ile ya maji? Mpe nusu kijiko cha chai. Paka wangu aliharisha mwaka jana nikampa, siku ya pili akawa juu ya bati anapigana.

BwanaMifugoMstaafu
Ijumaa, saa 3:31 usiku

AMOKSILINI USIMPE. Samahani kwa herufi kubwa, lakini hili ningekuwa karibu ningekuja kukushika mkono.

Mwanangu, sungura si paka. Utumbo wake umejaa vijidudu vinavyomsagia nyasi, ndivyo vinavyomlisha. Amoksilini ya kunywa, na jamaa zake wa penisilini, inaua vile vizuri na kuviacha vibaya vizaane na kutoa sumu. Utaona kama amepata nafuu, kisha siku chache mbele anakufa, nawe utasema ugonjwa ulikuwa mkali. Nimeliona hili mara nyingi kwenye nyumba za watu wema.

Usiku huu fanya hivi. Toa kabichi, karoti, mkate na maziwa, vyote, usibakize hata kipande. Mwekee maji safi kwenye kibakuli kizito kifupi asichoweza kukipindua. Mtafutie nyasi kavu. Badilisha fulana, mfute nyuma kwa kitambaa chenye unyevu wa maji ya uvuguvugu kisha mkaushe kabisa. Usimwogeshe. Jaza chupa maji ya uvuguvugu, ifunge na kanga, mlaze karibu nayo, lakini awe na nafasi ya kusogea akisikia joto. Asubuhi, mlango wa daktari wa mifugo ukifunguliwa uwe wa kwanza. Kitoto cha umri huo kikiharisha usiseme tungoje Jumatatu, Jumatatu hakuna kitu.

BintiMakorora
Ijumaa, saa 3:40 usiku

Asante baba, shikamoo. Amoksilini ninayo kabatini, nilishaishika mkononi, nimeirudisha. Nyasi kavu nitazipata wapi saa hizi?

BwanaMifugoMstaafu
Ijumaa, saa 3:42 usiku

Marahaba. Hapo mtaani hakuna mwenye mbuzi?

BintiMakorora
Ijumaa, saa 4:25 usiku

Yupo. Nimegonga mlango wa watu usiku nimejifunga kanga naomba ukoka wa mbuzi. Wamenipa konzi mbili bila kuuliza, nadhani waliona aibu kuuliza. Maji nimemwekea. Wakuu, AMEKUNYWA. Alikunywa muda mrefu mpaka nikaogopa. Masikio yote mawili yamelala nyuma, pua inaenda mbio, anakunywa tu. Mama mkwe amesimama mlangoni hasemi kitu.

MshambaLushoto
Ijumaa, saa 4:38 usiku

Hilo la sungura hanywi maji ni la nchi nzima, hata huku kwetu milimani wapo wanaoamini. Lilitokana na watu kuwalisha majani mabichi yenye umande, wakawaona wanaishi. Sungura anayekula nyasi kavu bila maji utumbo unakauka na kuziba. Mkubwa wa kilo mbili anaweza kumaliza robo lita kwa siku, na Tanga kwa joto lenu hata zaidi. Maji yawepo usiku na mchana, ubadilishe kila siku, uoshe na chombo maana huota utelezi.

Kuhusu kula kinyesi, dada usiogope wala usimzuie. Sungura ana vinyesi viwili. Kimoja ni zile goroli kavu unazozifagia. Kingine ni laini, kinang'aa, kimeshikana kama kichala cha zabibu ndogo, na hicho hukichukua mwenyewe moja kwa moja, mara nyingi usiku au alfajiri. Kimejaa vitamini na protini ambazo mara ya kwanza zilimpita. Ukimzuia atadhoofu. Ng'ombe anacheua, huyu anafanya hivyo, kila mtu na ufundi wake.

Sasa umri. Kwa gramu 430 huyo hana miezi miwili hata kidogo. Wa kwangu wa kienyeji wakiwa na wiki nne au tano ndio wanakuwa hapo. Muuzaji amemtoa kwenye ziwa mapema auze haraka. Sungura mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, basi. Wanaoona hayuko na watoto hudhani amewasusa, kumbe ndiyo tabia yake. Kitoto kinafumbua macho siku ya kumi hivi, wiki ya tatu kinaanza kuchokonoa nyasi, lakini utumbo wake unakuwa bado unajifunza. Mimi simtoi mtoto chini ya wiki sita, na nikiweza nafika nane. Kama mume wako anaweza kumpata yule kijana na mama yupo, kurudishwa wiki mbili tatu ni dawa kuliko zote.

BintiMakorora
Jumamosi, saa 12:15 asubuhi

Mzima. Kala nyasi chache usiku, nimezihesabu kwa tochi ya simu, msinicheke. Bado anaharisha ila si kama jana. Mume wangu anamtafuta kijana, namba haipatikani. Natoka kwenda kwa daktari.

MtotoWaSahare
Jumamosi, saa 1:02 asubuhi

Dada nisamehe kwa ile ya amoksilini. Sikujua kabisa. Niliandika kwa nia njema.

BintiMakorora
Jumamosi, saa 6:48 mchana

Usijali mdogo wangu, hata mimi nilikuwa naye mkono mmoja na chupa mkono mwingine.

Mrejesho. Daktari kachukua kinyesi kidogo akaangalia kwenye darubini, kasema ni kokisidia. Kanieleza ni vijidudu vya utumbo vinavyowashika sana vitoto vilivyotoka tu kuacha ziwa. Huenda alitoka navyo kwa muuzaji, na mkate na maziwa vikamalizia kazi. Kanipa dawa ya kuweka kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, kidogo kidogo ili asipaliwe. Dozi kaipima kwa uzito wake, kwa hiyo naomba nisiiandike hapa, sungura wako si Kashata.

Alichonikazania ni usafi. Vile vijidudu vinatoka na kinyesi, vinakaa kwenye unyevu siku mbili hivi, vinakuwa tayari kumwambukiza tena. Kwa hiyo matandiko nitoe kila siku, chombo cha nyasi kisikae chini anapokojolea. Lile boksi la sabuni kasema nikalichome.

Halafu kamwinua Kashata, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio, akamwegemeza tumboni mwake kama mtoto mchanga. Binti yangu alikuwa anambeba kwa masikio, kama picha za vitabuni! Daktari kamwuliza, wewe nikubebe kwa masikio? Binti kashika yake yote mawili.

BwanaMifugoMstaafu
Jumamosi, saa 7:30 mchana

Vizuri sana. Mweleze binti na hili: mifupa ya sungura ni myepesi lakini misuli ya mapaja ina nguvu mno. Akining'inia na kurusha teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mtoto akitaka kumchezea, akae chini sakafuni, sungura amfuate.

Na kitu kingine ukikumbuke maisha yake yote. Sungura hatapiki, hana uwezo huo. Kinachoingia lazima kipite. Akikaa nusu siku hajala na hajatoa goroli, hiyo ni dharura, hata kama hana homa, hata kama ni sikukuu. Akisaga meno kwa sauti huku amejikunja ni maumivu. Ile ya taratibu, unayoisikia ukimkuna kichwani, ni raha.

MwanaMkonge
Jumamosi, saa 9:05 alasiri

Samahani naingilia. Mimi wiki iliyopita nimeokota kitoto cha sungura shambani kwenye mkonge, kina manyoya na macho wazi, kiko peke yake, mama hayupo. Nimekileta nyumbani. Nacho nikilee hivi hivi?

MshambaLushoto
Jumamosi, saa 9:20 alasiri

Ndugu, huyo si mwenzake Kashata. Sisi Waswahili tunawaita wote sungura, ila wa porini, yule mjanja wa hadithi za bibi, ni mnyama mwingine, hata kuzaana hawawezi. Wa kufugwa asili yake Ulaya, watoto wake huzaliwa uchi na vipofu ndani ya kiota. Wa porini huzaliwa na manyoya, macho wazi, na mama humwacha peke yake kwenye nyasi mchana kutwa makusudi ili asiwavute adui, anarudi jua likizama kumnyonyesha. Hukumwokoa, umemwiba kwa bahati mbaya. Wa porini akifungiwa mara nyingi hufa kwa hofu tu. Kama ni wiki sasa, ongea na watu wa wanyamapori. Na wengine mnaosoma, mkimkuta kwenye mkonge hana jeraha, piteni.

KijiweChaKahawa
Jumamosi, saa 9:31 alasiri

Leo nimejifunza kuliko miaka saba ya msingi. Ina maana aliyemdanganya fisi si huyu wa kwenye mabanda?

MshambaLushoto
Jumamosi, saa 9:33 alasiri

Wa kwenye mabanda hawezi kumdanganya hata kuku.

FundiBanda
Jumapili, saa 2:10 asubuhi

Mleta uzi, hongera kwa hatua. Mimi nipo Nguvumali, natengeneza mabanda, kwa hiyo niseme la kwangu. Wote mmeongelea tumbo, hamjagusa joto, na hapa Tanga joto linaua sungura wengi. Watu wa Lushoto hili hawalijui.

Sungura hatoki jasho la kumsaidia. Joto analitolea masikioni, kwenye ile mishipa unayoiona ukiyaangalia dhidi ya mwanga. Hewa ikifika nyuzi 30 na unyevu wetu huu anaanza kuteseka: anajilaza kirefu, anahema mdomo wazi, pua inalowa. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, chini ya bati lisilo na dari mchana ni tanuri. Jikoni kwako penye jiko la mkaa ndiyo usiseme.

Dawa yake si feni ya kumpuliza usoni. Mtafutie upande wa nyumba unaopata upepo wa bahari, kivulini mchana kutwa. Juu ya bati la banda tandaza makuti mawili matatu. Mwekee kigae kimoja cha sakafuni, atajilaza mwenyewe. Chupa ya maji igandishe kwenye friji, ifunge kitambaa, mlaze nayo saa za mchana. Kwa sasa akiwa mgonjwa na mdogo fuata alivyosema mzee, joto kidogo usiku, lakini akipona geuza. Ukimkuta amelegea kwa joto usimtumbukize kwenye maji baridi. Lowesha masikio kwa maji ya kawaida, mtoe hapo, nenda kwa daktari.

Banda lenyewe: usiweke wavu mtupu chini, unachubua nyayo mpaka zinatoka vidonda. Weka ubao sehemu kubwa, wavu kidogo upande anaokojolea, na usishangae, atachagua kona moja ya kukojolea mwenyewe. Liinue futi tatu. Na miguu minne ya banda iweke kwenye makopo yenye oili chafu. Usilipuuze hili. Mteja wangu wa Pongwe alipoteza watoto sita usiku mmoja, siafu. Asubuhi alikuta manyoya.

BintiMakorora
Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Siafu tena jamani. Naomba namba yako fundi, nitumie pembeni.

MamaWaChuda
Jumapili, saa 4:15 asubuhi

Nina sungura wawili mwaka wa nne sasa. Akipona utataka kumpa kila kitu, najua. Nenda polepole. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu, rundo kubwa kuliko yeye mwenyewe, maisha yote, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Mimi nakata ukoka na mabingobingo, nazianika, nageuza jioni, mpaka zinukie kama chai. Hapa kwetu unyevu ni adui, nyasi zikishika ukungu tupa, usizionee huruma. Nahifadhi kwenye kiroba kilichotundikwa, si sakafuni. Usikate kando ya barabara, wala karibu na bustani zinazopuliziwa dawa.

Majani mabichi uyaanze kuharisha kukiisha kabisa, jani moja la aina moja kwa siku mbili, uangalie goroli. Zikiwa kavu na za duara, ongeza. Wangu wanapenda matembele, mlonge, kishona nguo, na majani ya mgomba wanayapigania. Karoti ni peremende, kipande cha ukucha kwa wiki. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu. Majani ya parachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, vitunguu, hapana. Mkate, ugali, wali, biskuti, hapana, hata akiomba. Naye ataomba, anasimama kwa miguu miwili kama ana haki.

BintiMakorora
Jumatano, saa 1:30 usiku

Siku ya tano. Leo goroli saba kavu! Nimempigia picha mume wangu kazini, kaniuliza kama niko sawa. Uzito gramu 455. Mangi sasa anamsubiri, kaweka gazeti kwenye mizani.

Jioni niliwaacha yeye na binti sakafuni. Akakaa kimya, ghafla akaruka juu, mwili ukajinyonga katikati ya hewa kama samaki, akaanguka, akakimbia mpaka chini ya meza, akarudi. Binti alidhani ana kifafa.

MamaWaChuda
Jumatano, saa 1:44 usiku

Hapo kakuambia asante. Ni furaha hiyo.

MtotoWaSahare
Jumatano, saa 1:50 usiku

Na je ni dume au jike?

BwanaMifugoMstaafu
Jumatano, saa 2:05 usiku

Mdogo hivyo hata sisi hukosea. Mkague tena akifika miezi mitatu. Ukimletea mwenzake kabla hujawa na hakika, kumbuka mimba yao ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa.

KijiweChaKahawa
Jumatano, saa 2:07 usiku

Mleteeni mwenzake haraka. Mimi nitaleta nazi.

BintiMakorora
Wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 3:00 usiku

Wakuu nimerudi. Kashata ana gramu 870, daktari kamwangalia tena kinyesi kasema safi. Banda la fundi limefika, makopo ya oili yapo, makuti yapo. Mama mkwe ndiye anayebadilisha maji kila asubuhi, na anawaeleza wageni kwamba sungura lazima anywe maji, watu wengi hawajui.

Shida mpya. Jioni tunamfungulia sebuleni, na leo amekata waya wa chaji wa mume wangu vipande viwili, safi kama kwa mkasi. Bahati haikuwa kwenye umeme. Waya wa friji na wa televisheni nitaufanyaje?

FundiBanda
Wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 3:18 usiku

Nunua bomba la maji la plastiki la nusu inchi, lichane kwa kisu urefu wote, upachike waya ndani. Na mtundikie kifuu na kipande cha kamba ya mkonge isiyotiwa rangi upande wa pili wa sebule. Atachagua mkonge, ni sungura wa Tanga huyo.

BintiMakorora
Wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 3:21 usiku

Mita ngapi zitatosha?

FundiBanda
Wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 3:22 usiku

Pima waya, ongeza mita moja. Ya chaji mpya ya shemeji.